Dawa ya Ng'ombe kwenye Maharagwe ya Tata Njoki

Shiru na Kim, kesho mnaingia kibandani na mimi nastaafu. Msicheke. Najua niko na miaka kumi na minane, na mtu wa umri huo hastaafu, anaanza. Lakini kila Jumamosi na kila likizo tangu form one nimekuwa nyuma ya ile sufuria kubwa, macho yakiwa mekundu kwa moshi, hapa Kitengela karibu na saiti ya mjengo. Nyinyi binamu zangu mlikuwa mnakuja kula na kwenda. Sasa mimi naenda chuo Kajiado town, na shangazi yetu Tata Njoki ameniambia niwaachie maarifa ya kazi.

Nilimwambia sawa. Kisha nikachukua kalamu, kwa sababu mnanijua. Kuongea huwa nashindwa.

Ya kupika nitaanza nayo haraka, maana hiyo ndiyo rahisi. Maharagwe yanachaguliwa mchana, kukiwa na mwanga. Yanalowekwa jioni. Asubuhi mnamwaga yale maji ya kulowekea, hata kama Kim utaona ni uvivu kuchota mengine. Moto uwe mdogo, wa kuni, na maji ya kuongeza yawe moto kila wakati. Chumvi inaingia mwisho. Shiru, mwisho. Mimi siku zangu za kwanza niliitia mapema nikidhani nasaidia, na fundi mmoja akatoa haragwe mdomoni, akaligonga kwenye sahani, tii, tii, akaniuliza, "Madam, siku hizi mnauza pia kokoto?" Mjengo mzima ulicheka. Nilijificha nyuma ya gunia la makaa mpaka wakamaliza kula.

Basi hayo ndiyo mapishi. Hayo mtajifunza kwa wiki moja. Kitu kitawasumbua ni stori.

Hapa kwetu chakula kikiwa kitamu lazima kitafutiwe sababu mbaya. Chips zikikaa kavu bila kulainika, watu watasema zimekaangwa na mafuta ya transfoma. Sambusa ikiwa na nyama nyingi, watauliza paka wa plot wameenda wapi. Na ukiuliza nani aliona hiyo transfoma ikimwagwa mafuta, utaambiwa kuna jamaa aliona, anakaa plot ya jirani. Mimi nimehama plot mara kadhaa na Tata. Huyo jamaa bado anakaa ya jirani.

Hata mimi nimewahi kuamini. Shuleni tulikuwa tunaambiana kwamba mpishi anatia mafuta ya taa kwenye githeri ili wasichana tusiwafikirie wavulana. Niliamini kabisa, nilikuwa hata nanusa sahani. Lakini kulikuwa na mvulana mmoja tulimwona kwa mashindano ya mpira, na nilikuwa namfikiria asubuhi, mchana na wakati wa prep. Nikakaa nikiwaza labda mimi napakuliwa upande wa sufuria ambao mafuta hayafiki. Hilo sijawahi kumwambia mtu, na nyinyi mkilisema kwa sauti nitakana.

Oneni pia mambo ya chapati. Mama mmoja alimuuliza Tata chapati zake zinakaa laini aje mpaka jioni. Tata akamwambia ukweli wote, bila kuficha.

"Maji iwe moto. Ukande mpaka mkono uchoke. Halafu ufunike unga ulale, hata kastoma wakipiga kelele, wewe uwache ulale."

Yule mama akatabasamu vile mtu hutabasamu akijua anadanganywa. "Sawa, Mama Njoki. Kama hutaki kuniambia, si ungesema tu."

Haikupita muda tukasikia watu wakisema Tata anakanda unga na soda ya chupa. Watu walinunua soda, wakakanda, wakapata chapati tamu-tamu kama keki mbovu, na bado wakasema lazima kuna kingine anaficha. Hapo ndipo nilielewa kazi hii. Watu hawataki siri yenye kuchosha mkono. Wanataka siri ya kununua dukani.

Sasa nifike kwa ile kubwa, kwa sababu hiyo nusura itufungie kibanda, na mtaulizwa habari zake hata kabla hamjafunga aproni.

Mnamjua Mama Naserian anayeuza maziwa kando yetu, pale chini ya mwavuli. Kila asubuhi akifika hunisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya!" na mtoto wa kike anatakiwa kujibu, "Iko!" Mimi nilikuwa nainamisha kichwa tu na kusongesha midomo. Hakuwahi kukasirika. Alikuwa anajijibia mwenyewe, "Iko," halafu anaendelea na mikebe yake.

Mama Naserian ana kaka huko Oltepesi, barabara ya Magadi, na huyo kaka humtumia magadi yale ya mawe, meupe yenye wekundu kidogo. Mengine ni ya mbuzi wake kulamba, mengine ni ya mama mkwe wake, anayesaga na kuchanganya na ugoro. Na kwa sababu mwavuli hauna mlango, hilo gunia lake dogo alikuwa analiweka chini ya benchi letu. Gunia lenyewe lilikuwa la chumvi ya mifugo zamani, limechorwa ng'ombe mkubwa mwenye afya, anatabasamu.

Siku hiyo, wakati wa likizo, nilikuwa nalisukuma nifikie vitunguu. Vumbi jeupe likanishika mkono. Nikainuka, nikachukua mwiko, nikakoroga maharagwe. Na nikiinua macho, Deno huyo hapo.

Deno ni wa boda. Ana moyo mzuri, hata mimi amenibeba bure siku za mvua. Lakini mdomo wake hauna breki kuliko pikipiki yake. Ndiye aliniita Sailensa, kama ile ya eksozi, ati kwa sababu mimi niko hapo nyuma na sitoi sauti.

"Sailensa," akasema, akiangalia mkono wangu, kisha ng'ombe, kisha sufuria. "Hiyo ni nini unatia?"

Nikainua mabega. Kwa mtu kama mimi hiyo ni hotuba. Kwa Deno ilikuwa jibu la kutosha.

Stori ilitoka kwetu ikiwa chumvi ya ng'ombe. Ilipofika stage ya boda ilikuwa dawa ya ng'ombe. Ikapanda ghorofa za mjengo ikiwa ya minyoo, na ikishuka ilikuwa ya kunenepesha. Jioni Tata yuko nyumbani anasoma simu, grupu ya akina mama wa kanisa, nikamsikia anasema, "Uuu! Watu ni wabaya!" Alikuwa ameletewa onyo: akina mama, chungeni sana, kuna mtu anapika maharagwe na dawa ya ng'ombe, linda familia yako, natuma vile nimepata.

"Thoni, hebu nisaidie kutuma hii kwa grupu ya chama pia," akaniambia, akininyooshea simu, "wasije wakalishwa."

Nikasoma mpaka chini. Nikamrudishia simu nikiwa nimeweka kidole pale pameandikwa *nyuma ya mjengo, kibanda cha mabati ya kijani*. Tata akaangalia. Akaangalia tena. Kitengela nzima kuna kibanda kimoja cha mabati ya kijani nyuma ya mjengo, na ni yeye alikichagulia rangi.

Kesho yake mchana benchi zilikuwa tupu. Mafundi walikuwa wanapita wakiangalia upande mwingine, kama watu wamekutana na mwalimu wao mjini. Waliokuja ni wasichana wawili wa saluni ambao hawakuwahi kula kwetu. Mmoja akainama kwa Tata, akanong'ona kwa sauti ambayo hata Mama Naserian alisikia.

"Mathe, sisi hatuogopi. Tuwekee ile kitu ya ng'ombe, hata nyingi. Lakini iende hapa," akajipiga kwenye nyonga, "isiende tumbo."

Tata akashika kiuno. "Msichana wangu, haya ni maharagwe. Hayana ramani."

Walikula sahani mbili-mbili na wakarudi siku iliyofuata kujipima kwa kioo ambacho Mama Naserian ametundika kwenye mwavuli wake. Lakini wasichana wawili hawamalizi sufuria ya mjengo. Tulikuwa tunarudi nyumbani na chakula, tunakula maharagwe asubuhi, tunakula usiku, tunawapa majirani, na majirani wanachukua kwa mikono miwili na kumwagia kuku. Niliwaona.

Tata akajaribu kujitetea. Nawaambia hili mlikumbuke: alilitoa lile gunia, akamwaga mawe ya magadi mezani mbele ya watu, akasema, "Muone kwa macho yenu! Ni magadi tu, na si yangu, na siyatii kwa chakula!"

Watu hawakusikia hata kidogo ile ya mwisho. "Si mmeona? Iko nayo!"

Mama Naserian akaacha maziwa yake, akaja mbio na shanga zikilia. "Nyinyi watu, hiyo ni yangu! Hiyo ni ya mbuzi! Na ingine ni ya mama ya bwana yangu, ya ugoro!"

Halafu Deno, juu ya pikipiki, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Haya. Sasa kumbe iko na ugoro pia."

Hiyo ndiyo sababu nawaambia, msijitetee kwa kuonyesha vitu. Kila kitu unachoonyesha kinaingia kwenye sufuria.

Foremani wa saiti, Kioko, alikuja jioni peke yake, ameshika kofia yake ya plastiki mkononi kama mtu amekuja kwa matanga. Alikuwa anakula kwetu kila siku tangu wachimbe msingi. "Mama," akasema, "mimi binafsi siamini hizi vitu. Lakini vijana wamekataa. Hawawezi kubeba mawe na njaa. Kuna mama mwingine anataka kuleta chakula ndani ya geti. Nimemwambia nitampa jibu Ijumaa."

Tata alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Kisha akakaa kwenye ndoo, akaniambia, "Ijumaa nikipika na sufuria irudi imejaa, nafunga, Thoni. Nitarudi Kinangop nikapande viazi. Viazi haina watu wa kuongea."

Mimi nilikuwa na sababu zangu za kuogopa. Tata ndiye amenilea, hilo mnalijua. Lakini kuna lingine. Kila mahali nimewahi kukaa, darasani, kanisani, kwa grupu za vijana, watu wananiambia, Muthoni ongea, Muthoni toa sauti. Kibandani hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Unapakua, unapewa asante, unapakua. Palikuwa mahali pangu, na nilikuwa nakaribia kupapoteza kwa sababu ya jambo ambalo nilijua ukweli wake wote, kutoka haragwe la kwanza mpaka la mwisho.

Ijumaa Tata alipika kama anapikia arusi. Wakaja. Kioko mbele, mafundi nyuma yake, Deno pembeni hajazima pikipiki. Lakini hakuna aliyekaa. Walisimama mbele ya benchi kama watu wanaongoja gari ya maiti, na Tata akawaangalia, akaanza kufungua aproni.

"Nimeongea mpaka mdomo umekauka," akasema. "Mkitaka kula, kuleni. Mkikataa, mniache nifunge jiko langu."

Kioko akakuna kichwa. Halafu akaniangalia mimi, na nikahisi masikio yakiwaka.

"Wewe msichana. Miaka yote nakula hapa, hujawahi kuniambia hata neno karibu. Mtu hana maneno hawezi kuwa na maneno ya uongo. Hebu niambie wewe. Hii inapikwa na nini?"

"Muacheni mtoto," Tata akasema. "Huyo haongeangi na watu."

Na kweli nilitaka kuinua mabega. Yalishaanza kupanda, niliyahisi. Nikakumbuka mara ya mwisho niliyainua kulitokea nini.

"Yanatoka Illasit," nikasema.

Deno akazima pikipiki.

"Yanatoka Illasit, kule Loitokitok, na Tata hanunui ya zamani kwa sababu haragwe likikaa stoo mwaka mzima hata ulichemshe na nini halilainiki, na haya ni ya mavuno haya, ukiyauma yakiwa mabichi yanaacha alama ya jino, hivyo ndiyo unajua. Mimi ndiye huyachagua. Natoa mawe na yale yametobolewa. Nayaloweka jioni. Asubuhi namwaga hayo maji kwa sababu ndiyo huleta ile gesi ya tumbo, Foreman, si mnakumbuka maharagwe ya kule mlikuwa mnakula zamani, mlikuwa mnalalamika hapa. Moto nauweka mdogo. Maji ya kuongeza nayachemsha kando, kwa sababu ukitia baridi ganda linashtuka na kukaza. Kitunguu kinaenda mpaka kiwe rangi ya matofali. Nyanya zinaenda mpaka mafuta yapande juu. Na chumvi ni mwisho. Mwisho kabisa! Ukitia mapema yanakuwa kokoto, na wewe," nikamnyooshea kidole yule fundi wa tii-tii, maskini hata hakuwa amesema kitu, "wewe ulinicheka, na nikajua sababu, na tangu siku hiyo hujawahi kupata kokoto tena. Magadi Tata hatii. Ukitia magadi maharagwe yanageuka rangi na yanakuwa na ladha kama ya sabuni. Si mngeonja? Kwani nyinyi mmekula hapa na ndimi za nani?"

Nilikuwa sijui kuongea kunasimamishwa aje. Ilikuwa ni kama kuteremka Ngong na baiskeli bila breki, unaona ukuta na bado unakanyaga. Nilikuwa nimeanza habari ya dania, inatiwa majani na vijiti vyake, ndipo yule fundi akainua mikono.

"Sista, tumesikia. Nakuomba. Pakua, tumbo linaniuma."

Kioko akacheka, akavuta benchi, akakaa. Akikaa foremani, mjengo unakaa. Nilipakua haraka hata supu ikanimwagikia kidole, na sufuria ile ilikwanguliwa mpaka chini. Tata alifunga aproni yake tena. Alinipitia tu nyuma, akanivuta sikio polepole, vile alikuwa ananifanyia nikiwa mdogo.

Hapo ningependa kuwaambia kwamba ukweli ulishinda. Nimekuwa kwenye kazi hii muda mrefu, siwezi kuwadanganya. Walikula kwa sababu walikuwa na njaa na kwa sababu kitunguu kilinukia wakati naongea. Ile stori ya ng'ombe haikuuawa na maneno yangu. Iliuawa na stori nyingine, na aliyeileta ni yule yule.

Jumatatu tulipofika tulikuta watu wamesimama kabla hata moto haujawashwa, wengine sura ngeni kabisa. Tata akamuuliza Deno kulikoni.

"Mathe, kwani hujasikia?" Deno akasema, na alikuwa anaamini, hilo ndilo linanichekesha mpaka leo. "Yule msichana alikuwa bubu. Bubu kabisa, tangu azaliwe, muulize mtu yeyote hapa stage, nani amewahi kumsikia? Ameyakula hayo maharagwe miaka, miaka, polepole yanafanya kazi. Ijumaa mdomo ukafunguka. Mbele ya watu! Kuna jamaa alirekodi."

"Jamaa gani?"

"Anakaa plot ya jirani."

Nilimwangalia Tata. Tata aliangalia ile foleni, kisha sufuria, kisha mimi. "Thoni," akasema polepole, "haya si maneno mabaya."

Nilitaka kukanusha. Nawaapia. Mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka miwili na kitu hivi, hajaanza kusema maneno, akataka nimpakulie supu ya juu peke yake, ile yenye nguvu. Mtoto mwenyewe alikuwa ananiangalia na macho makubwa, na nikaona huyu ananielewa kabisa, huyu ni mwenzangu. Nikaona haya, lakini nikaona pia si vizuri kunyamaza. Nikamwinamia mama yake, nikamwambia taratibu, "Mama, samahani, hii ni stori tu. Mimi sikuwa bubu, nilikuwa naona haya. Mtoto apate supu, lakini mpeleke pia kliniki wamwangalie."

Yule mama akashika mdomo na mikono miwili. Akageukia foleni.

"Jameni! Mmemsikia? Na vile anaongea vizuri!"

Mama Naserian alicheka mpaka akakalia mkebe. Tangu siku hiyo akinisalimia nimekuwa namjibu, "Iko!" kwa sauti, na kila mara kuna kastoma anageuka na kumkanyagia mwenzake mguu, ona, ona. Nikijibu, ni maharagwe. Nikinyamaza, ni kwamba sijayala asubuhi hiyo. Mimi hapo sina pa kupitia, na ndiyo maana nimeamua kustaafu nikiwa bado na heshima.

Mtoto alipelekwa kliniki, kwa sababu mama yake alirudi kutuambia, na siku hizi anasema "gwe," anamaanisha maharagwe. Mnaweza kufikiria vile hilo lilisaidia.

Basi kazi ni yenu. Shiru, chumvi mwisho. Gunia la Mama Naserian sasa linakaa ndani ya debe lenye kifuniko, na liwe hapo daima. Mkiulizwa kama dada yenu alikuwa bubu kweli, pakueni tu.

Na Kim, wewe unayeongea kushinda redio ya stage, nakuomba kama dada yako: usile maharagwe mbele ya kastoma. Wataanza kumuuliza Tata alikupa dozi gani.